Nishani ya Kapteni, Jina la Sajini

Mwezi Oktoba 1940 gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, London Gazette, lilitangaza kwamba Kapteni Eric Charles Twelves Wilson wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland ametunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani katika nchi hiyo. Tangazo lilieleza kwa ufupi aliyoyafanya kuanzia tarehe 11 hadi 15 Agosti mwaka huo, likamalizia kwa kusema kwamba aliuawa akipigana hadi mwisho. Hilo la mwisho halikuwa kweli. Wilson alikuwa hai, mateka mikononi mwa Waitaliano, na aliishi miaka mingine 68 tangu siku iliyodhaniwa kuwa ya kifo chake. Kosa hilo limesimuliwa mara nyingi kama kisa cha ajabu cha mtu aliyepewa nishani ya marehemu naye yu hai. Mimi naliona kuwa ufunguo wa kuielewa nishani yenyewe. Waraka uliopitia mikono ya wakubwa wa jeshi hadi kumfikia mfalme uliweza kukosea juu ya uhai wa mtu yule yule uliyekusudia kumsifu. Basi tuna haki ya kuuliza ni nini kingine ulichokikosa au kukinyamazia. Hoja yangu ni kwamba nishani ya vita ni ushahidi, tena mara nyingi ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi wa aliyeona na aliyekuwa na kalamu. Anayetaka kuujua ushujaa wa kilima kile hana budi kuusoma ushahidi huo pamoja na yale uliyoyaacha.

Wilson alizaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, mtoto wa kasisi. Alipata uofisa mwaka 1933 katika jeshi la miguu la East Surrey, akahamishiwa King's African Rifles mwaka 1937, jeshi ambalo wazee wetu walizoea kuliita Keya, na mwaka 1939 akapelekwa Somaliland kujiunga na Kikosi cha Ngamia. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, vita vilimkuta huko. Italia iliingia vitani mwezi Juni 1940, na kwa kuwa tangu 1936 ilikuwa imeikalia Ethiopia, koloni dogo la Waingereza la Somaliland lilijikuta limezungukwa. Wafaransa wa Djibouti, waliotarajiwa kusaidia ulinzi, walijitoa baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani. Tarehe 3 Agosti Waitaliano walivuka mpaka na jeshi lililowazidi walinzi mara kadhaa kwa idadi, kwa mizinga na kwa ndege. Waingereza waliamua kusimama Tug Argan, penye korongo la mto mkavu na vilima vilivyotawanyika, kwenye barabara itokayo Hargeisa kwenda bandari ya Berbera. Walioshika vilima hivyo walikuwa askari wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, askari wa Keya, Wapunjabi kutoka India, Waskoti wa Black Watch na Wasomali wa Kikosi cha Ngamia. Na waliokuja kuwashambulia, ingawa bendera yao ilikuwa ya Italia, wengi wao walikuwa askari wa Kiafrika kutoka Eritrea na Ethiopia. Tangu mwanzo, basi, vita vya Tug Argan vilikuwa kwa sehemu kubwa vita vya Waafrika dhidi ya Waafrika, vikiamriwa na Wazungu wa pande mbili.

Tangazo la London linastahili kusomwa polepole. Wilson alisimamia ngome za bunduki za rashasha kwenye kilima walichokiita Observation Hill, na waliozishika bunduki hizo walikuwa Wasomali. Tarehe 11 Agosti adui alishambulia. Wakamrudisha, kisha wakageuza bunduki zao kuwapiga waliokuwa wakiushambulia Mill Hill, kilima cha jirani. Waitaliano waliumia kiasi cha kuona kwamba hawatapita mpaka bunduki zile zinyamazishwe. Wakasogeza mizinga hadi umbali wa yadi 700, na makombora mawili yakapenya kwenye matundu ya kufyatulia risasi na kulipuka ndani ya ngome. Wilson alijeruhiwa vibaya bega la kulia na jicho la kushoto, na wenzake kadhaa wakajeruhiwa pia. Bunduki zilirushwa kutoka kwenye miguu iliyozishikilia. Akazitengeneza, akazirudisha mahali pake, akaendelea kupiga. Sajini wake Msomali aliuawa ubavuni pake. Tarehe 12 na 14 mizinga ikamwelekea tena, naye akabaki na bunduki zake bila majeraha kutibiwa. Tarehe 15 ngome mbili zilisambaratishwa. Kufikia hapo alikuwa na malaria juu ya majeraha yake, lakini ngome yake mwenyewe iliendelea kupiga hadi saa 11 jioni, adui alipoifikia na kuiteka. Sina nia ya kupunguza hata chembe ya sifa hii. Mtu aliyejeruhiwa jicho na bega, mwenye homa, akakaa siku nne zaidi mahali ambapo mizinga imekwisha kupata shabaha, ni shujaa kwa kipimo chochote kile.

Lakini bunduki zenyewe zina ushahidi wao. Bunduki ya Vickers, aina iliyotumika kilimani pale, haikuwa silaha ya mtu mmoja. Ilikaa juu ya miguu mitatu mizito ambayo peke yake ilikuwa mzigo wa mtu. Risasi zake zilipangwa katika mikanda ya kitambaa, 250 kwa kila mkanda, na ilihitajika mtu wa kuuongoza mkanda kwa mkono ili usijikunje na kukwamisha bunduki. Mtutu wake ulizungukwa na kopo lenye maji ya kiasi cha lita 4, nayo yalichemka baada ya dakika chache za kupiga mfululizo, hivyo ilibidi pawe na mtu wa kuyaongeza. Wengine walibeba masanduku ya risasi, wengine walijaza mikanda mitupu, mwingine alitazama risasi zinapoangukia. Yote hayo yalifanyika mwezi Agosti, katika nchi kavu, ambako maji ya bunduki na maji ya kunywa yalikuwa ya kugombaniwa. Bunduki hiyo ikipiga kwa siku tano, maana yake ni kwamba kwa siku tano kulikuwa na watu waliokuwa wakitambaa kuifikia na maji, watu waliokuwa wakijaza mikanda gizani, na mtu aliyekuwa tayari kushika mahali pa aliyeanguka. Kila tunaposoma kwamba Wilson aliendelea kupiga, tunasoma pia kwamba Wasomali hawakuondoka. Tangazo halikusema hivyo, lakini bunduki haikuweza kufanya kazi vinginevyo.

Tuangalie sasa jinsi waraka ulivyowataja watu hao. Wilson ametajwa kwa cheo na jina. Wapiga bunduki wametajwa kwa kabila lao na kwa kuwa chini ya amri yake. Sajini ametajwa kwa cheo, kwa kabila na kwa kifo, katika sentensi ambayo kiini chake ni kwamba kapteni aliendelea na kazi. Kifo cha sajini kimeingia humo kama sehemu ya mazingira magumu aliyoyavumilia ofisa wake. Hakuna jina. Mtu aliyelala chini ubavuni pa mwenye Msalaba wa Viktoria, ameuawa katika ngome ile ile, akifanya kazi ile ile, hakupewa katika tangazo hata neno moja la kumtofautisha na Msomali mwingine yeyote. Desturi hiyo ilikuwapo kabla ya Tug Argan. Mwaka 1915, karibu na Maktau, kusini mwa Kenya ya leo, Luteni Dartnell, Mwaustralia aliyekuwa akilitumikia jeshi la Uingereza, alijeruhiwa mguu na alikuwa akibebwa kuondolewa. Alipoona majeruhi wenzake hawawezi kuchukuliwa, akasisitiza aachwe nao, akauawa. Ni tendo adhimu, na nishani ile ile aliyopewa baada ya kufa iliistahili roho hiyo. Waafrika wametajwa katika tangazo lake pia, lakini kama askari weusi wa adui wauao majeruhi. Katika waraka mmoja Mwafrika ni hatari, katika mwingine ni msaidizi. Kote kuwili hana jina.

Atatokea wa kunijibu kwamba nishani hutolewa kwa tendo la mtu mmoja, na kwamba kiongozi ndiye aliyebeba mzigo mzito kuliko wote. Bila Wilson, atasema, bunduki zingenyamaza siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyezirudisha juu ya miguu yake zilipoanguka. Jibu hilo lina uzito, na sehemu yake nakubaliana nayo. Vikosi vingi vimevunjika kwa sababu ofisa aliingiwa na hofu, na vingi vimesimama kwa sababu mmoja hakuondoka. Hata hivyo tuipime hali ya kila upande. Wilson alikuwa ofisa wa kulelewa katika mila za jeshi, katika nchi ya ugenini, na kama angekimbia hakuwa na mahali pa kujificha wala uso wa kurudi nao kwao. Msomali aliyekuwa pembeni yake alikuwa katika nchi yake mwenyewe. Angeweza kuvua sare usiku mmoja, akashuka kilima na kupotelea miongoni mwa watu wa ukoo wake, na hakuna mtawala aliyekuwa na nafasi ya kumtafuta, kwa sababu utawala wenyewe ulikuwa ukijiandaa kuondoka. Hakuwa akililinda bunge lake, wala sheria alizozitunga, wala mfalme aliyepata kumwona. Alibaki. Sababu zake huenda zilikuwa kiapo, mshahara, heshima mbele ya wenzake, mapenzi kwa ofisa wake, au yote kwa pamoja. Mtu mwenye njia ya kutokea ambaye hakuitumia ana ushujaa wa namna yake, na hauwi mdogo kwa sababu tu anayeuonyesha hana nyota begani.

Wa pili atasema kwamba sheria haikuwazuia Waafrika, kwa hiyo kama hawakupewa nishani ni kwa kuwa hawakufikia kipimo. Ni kweli kwamba rangi haikuwa kizuizi kilichoandikwa. Samuel Hodge, mtu mweusi wa kikosi cha West India, alipata Msalaba wa Viktoria kwa mapigano ya Gambia ya mwaka 1866. Wahindi waliruhusiwa kuanzia 1911, na mwaka 1941, katika vita hivi hivi vya kuwang'oa Waitaliano Afrika ya Mashariki, Luteni Premindra Singh Bhagat aliipata kwa kutegua mabomu ya ardhini. Lakini hebu tuutazame utaratibu. Pendekezo la nishani huandikwa na kamanda, likaambatana na maelezo ya mashahidi, likapanda ngazi hadi juu. Wilson alikuwa ofisa. Walioandika walikuwa maofisa. Lugha ilikuwa yao na fomu zilikuwa zao. Baada ya Tug Argan kuanguka, jeshi liliondolewa kwa meli kutoka Berbera, na kufikia tarehe 19 Agosti Waitaliano walikuwa mjini humo. Maofisa walifika Aden na kuandika ripoti zao. Askari wengi wa Kisomali walibaki nchini kwao, kwenye familia zao, mbali na kila meza ya kuandikia. Mashahidi wa karibu kabisa wa yaliyotokea ndani ya ngome ile walikuwa Wasomali walionusurika na Wilson mwenyewe, na hao wote hawakuwapo waraka ulipoandikwa. Ndiyo maana ungeweza kusema kwamba kapteni amekufa. Kosa lile la uhai wa Wilson linathibitisha kwamba ushahidi ulikusanywa kwa mbali.

Palikuwa na kikwazo kingine cha kanuni ambacho wachache hukikumbuka. Katika jeshi la Uingereza wakati ule, mtu aliyekufa vitani hakuweza kupewa nishani ya kati. Kwa marehemu palikuwa na mambo mawili tu: Msalaba wa Viktoria, au kutajwa jina katika taarifa ya jemadari. Nishani nyingine zote za ushujaa vitani zilikuwa za walio hai. Kwa askari wa Kiafrika, nishani waliyozoea kupewa ilikuwa medali ya ushujaa iliyotengenezwa mahsusi kwa majeshi ya Afrika, tofauti na ile wapewayo Waingereza wa cheo hicho hicho, na mfumo huo wa medali mbili uliondolewa mwaka 1942 tu. Tuyaweke hayo mawili pamoja, tuone yanamfanya nini sajini wa Observation Hill. Kwa kuwa alikufa, medali ya Waafrika haikuwa yake. Kwa kuwa hakuna aliyempendekeza, Msalaba wa Viktoria haukuwa wake. Kanuni zilizomwinua ofisa aliyedhaniwa kafa hadi kwenye nishani ya juu kabisa ndizo zilizomwacha sajini aliyekufa kweli bila chochote. Si lazima tumtafute mtu mmoja mwenye nia mbaya. Dhuluma hii ilifanyika kwa kufuata taratibu, na inahitaji maelezo kuliko laana. Lakini asiseme mtu kwamba mizani ilikuwa sawa. Katika Vita vya Pili vya Dunia Keya ilipata Msalaba wa Viktoria kwa Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, aliyeuawa Ethiopia mwezi Mei 1941 baada ya kukirukia kifaru cha adui. Askari wake weusi walikuwa makumi ya maelfu, wakapigana Somalia, Ethiopia, Madagaska na Burma, na hakuna hata mmoja wao aliyeipata. Anayeamini kwamba katika watu wote hao hakupatikana shujaa wa kiwango hicho anaamini jambo gumu zaidi kuliko ninalolisema mimi.

Pingamizi la tatu linatoka upande wetu wenyewe, nalo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Linauliza: yatuhusu nini? Nishani ni za mkoloni, vita vilikuwa vya mkoloni, na Mwafrika aliyempigania bwana wake alikuwa akiimarisha pingu zake mwenyewe. Kumdai apewe heshima ya bwana ni kuendelea kumpigia bwana magoti. Ningekubali kama ningekuwa nadai medali. Sidai medali. Ninachodai ni jina, na jina la mtu si mali ya dola iliyomtumia. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia katika jeshi la Uingereza wakati wa vita vile, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa, na wote walikuwa watoto wa mtu. Tukiwafuta kwa sababu waliovaa nao sare walikuwa wakoloni, tutakuwa tumeikamilisha kazi iliyoachwa nusu na waandishi wa zile ripoti. Katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927 sanamu ya askari wa shaba, bunduki mbele, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza. Watu wa jiji huipita kila siku, na mzunguko wa barabara umechukua jina lake. Ni sanamu nzuri, na haina jina la hata mmoja wa wale inaowakumbuka. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, na pengine wengi zaidi, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wenye kosa wamekiri. Haitufai sisi wenye wafu kuwa wa mwisho kujali.

Maisha ya Wilson baada ya kilima kile yanaiunga mkono hoja hii kwa njia nyingine. Habari kwamba ametunukiwa akiwa marehemu zilimfikia akiwa kifungoni Eritrea, zikiletwa na mateka mpya. Waingereza walipoiteka Eritrea mwaka 1941 akawa huru, na mwaka 1942 akavishwa nishani yake na Mfalme George wa Sita. Angeweza kubaki nyumbani akionyeshwa mikutanoni, kwani serikali zenye vita hupenda mashujaa wa kuonyesha. Yeye alitumika na kikosi cha safari ndefu za jangwani huko Afrika Kaskazini, kisha akaenda Burma akiwa msaidizi wa kamanda katika kikosi cha 11 cha Keya, pamoja na askari wa Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua kubwa za monsuni, katika matope na maradhi. Huko aliugua homa ya vichakani (scrub typhus) iliyomweka hospitali muda mrefu. Mwaka 1949 aliacha jeshi akaja Tanganyika, akafanya kazi katika utawala wa serikali hadi 1961, mwaka wa uhuru. Aliporudi Uingereza alisimamia nyumba ya wanafunzi wa ng'ambo jijini London, akashiriki katika chama cha urafiki wa Waingereza na Wasomali, akaandika kitabu cha historia ya kijiji alichoishi, akafariki Desemba 2008 akiwa na miaka 96. Hakuna lolote kati ya hayo lililomo katika nishani. Siku tano za mwezi Agosti zilikuwa sehemu ndogo sana ya miaka 96, na laiti angekufa kweli pale kilimani, kama gazeti lilivyosema, tungedhani tumeambiwa yote kumhusu. Kama waraka huo ulimpunguza hata yule uliyemsifu, tusistaajabu kwamba uliwameza waliokuwa nyuma yake.

Nalo swali la damu lilijitokeza mwaka ule ule wa 1940. Baada ya Somaliland kupotea, Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikasirika alipoona hasara ya Waingereza ni watu wapatao 260 tu, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea kwa pamoja. Kwake uchache huo ulionekana kama dalili kwamba watu hawakupigana vya kutosha. Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Mashariki ya Kati, alimjibu kwamba wingi wa waliochinjwa si lazima uwe uthibitisho wa ujuzi wa vita, na jibu hilo lilimuudhi waziri mkuu zaidi. Ni jibu la haki, nami nalichukua kuwa fundisho kwa wote tunaozungumza habari za mashujaa. Hatari ya nishani za marehemu ni kwamba zinatuzoeza kupima ushujaa kwa kifo, ilhali kazi ya Tug Argan ilikuwa kuchelewesha jeshi kubwa siku kadhaa ili wengine waokolewe, na ilifanikiwa: walio wengi walipanda meli wakiwa hai. Uhai huo ulinunuliwa na watu wa vilimani, pamoja na wale ambao hawakuweza kupanda meli yoyote kwa sababu nchi ilikuwa yao. Kikosi cha Ngamia chenyewe hakikuishi kuona mwisho wa vita; kilivunjwa mwaka 1944 baada ya askari wake kuasi. Jina la kikosi limebaki katika orodha ya Msalaba wa Viktoria, mbele ya jina la ofisa mmoja.

Simwombei mtu yeyote kunyang'anywa heshima. Wilson aliistahili nishani yake, na kuiheshimu hakutupunguzii kitu. Ninachokataa ni mazoea ya kuisimulia hadithi yake kana kwamba alikuwa peke yake kilimani na bunduki inayojipiga yenyewe. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na methali hiyo tunaifundisha watoto shuleni huku tukiandika historia ya vita kana kwamba hatuiamini. Hata kwa vita vyetu wenyewe tuna kazi. Kila tarehe 25 Julai Tanzania huadhimisha mashujaa wake, na huko Kaboya, mkoani Kagera, wamelala askari waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Hao tuliwatuma sisi wenyewe, kwa bendera yetu wenyewe, na hatuna wa kumlaumu kama habari zao zitaishia katika cheo na idadi. Basi naomba haya: familia zilizo na barua, picha, vitabu vya mshahara au vyeti vya Keya zisivitupe, walimu wa historia wawatume wanafunzi kuwauliza wazee majina, vijiji na vikosi, wahariri watoe nafasi kwa koplo na mpishi wa kombania kama wanavyoitoa kwa kanali, na jeshi lifungue orodha zake za waliokufa ili ndugu wasome. Wazee wa Burma karibu wote wameshatutoka. Wa Kagera bado wapo, na wanaweza kuulizwa mwaka huu.